Mabasi Yaendayo Haraka: Je, Jiji Likiwekeza Linapata Faida? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na abiria, madiwani, wenye mabasi madogo na walipa kodi kila jiji linapotangaza mradi wa mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale ya hali za pekee. Jibu likigusa jambo lililokwisha kuelezwa, utaelekezwa swali la kutazama.

## Misingi

1. Mabasi yaendayo haraka ni nini hasa? Si mabasi ya kawaida yaliyopakwa rangi mpya?

Basi jipya linalokwama kwenye foleni ileile ni basi jipya tu. Mwendokasi hutambulika kwa mambo matano yanayokwenda pamoja. Njia ya basi imetengwa kwa ukingo au kizuizi, wala haitegemei mstari wa rangi peke yake. Njia hiyo hupita katikati ya barabara, mbali na magari yanayoingia na kutoka kwenye majengo. Abiria hulipa nauli kabla ya kupanda. Sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi. Na makutano yamepangwa ili basi lisisubiri sawa na magari mengine.

Ukiondoa moja bado unaweza kupata huduma nzuri. Ukiondoa matatu, umebaki na jina.

2. Wazo hili lilianzia wapi?

Mji unaotajwa zaidi ni Curitiba, Brazil, ulioanza kuendesha mabasi kwenye njia zake maalumu mwaka 1974. Meya wake, Jaime Lerner, alikuwa msanifu majengo. Jiji halikuwa na fedha za treni ya chini ya ardhi, lakini lilikuwa na barabara, na likaamua kuzigawa upya. Mwaka 1991 likaongeza vituo vyenye umbo la bomba ambamo abiria hulipa kabla basi halijafika.

Bogotá, Kolombia, ilifuata Desemba 2000 na mfumo wake wa mabasi uitwao TransMilenio chini ya meya Enrique Peñalosa, ikaonyesha kwamba jiji la mamilioni ya watu linaweza kutegemea mabasi. Jakarta ilianza 2004, Istanbul 2007, Guangzhou 2010. Afrika, Lagos ilianza Machi 2008, Johannesburg Agosti 2009, Dar es Salaam Mei 2016, na Dakar 2024.

3. Kwa nini tuyape mabasi njia nzima wakati magari ni mengi zaidi?

Hesabu watu badala ya magari. Njia moja ya barabara ya mjini yenye taa hupitisha magari binafsi kama 800 hadi 1,000 kwa saa. Mengi yana mtu mmoja, machache yana wawili au watatu, kwa hiyo njia hiyo hupitisha watu wasiofika 2,000. Basi refu la mita 18 hubeba watu wapatao 150. Likipita moja kila dakika, njia ileile imepitisha watu 9,000 kwa saa.

Bogotá, ambako vituo vina nafasi ya basi moja kulipita jingine, imefikisha zaidi ya watu 40,000 kwa saa kwa upande mmoja. Hicho ni kiwango ambacho treni nyingi za mijini hazikifikii.

4. Nipe jibu fupi: inalipa au hailipi?

Inalipa pale penye mambo matatu: abiria wengi tayari kwenye barabara hiyo, utashi wa kuwanyima wenye magari nafasi na kuendelea kuwanyima, na fedha za kuendesha huduma kila mwaka. Likikosekana la kwanza, umejenga barabara ya kifahari isiyo na watu. Likikosekana la pili, njia itavamiwa. La tatu ndilo husahaulika zaidi, na kwa maoni yangu ndilo limeumiza miradi mingi kuliko ubovu wa ujenzi. Njia na vituo hujengwa mara moja, lakini huduma hununuliwa kila siku kwa miaka thelathini.

## Fedha

5. Gharama yake ikoje ikilinganishwa na reli?

Mara nyingi kilomita moja ya mwendokasi kamili hugharimu dola za Marekani milioni chache hadi zaidi kidogo ya milioni 10. Treni ya chini ya ardhi huanzia makumi ya mamilioni kwa kilomita na hupita milioni 100 kwa urahisi. Lagos ilichagua toleo la bei nafuu kwa kilomita zake 22 za mwanzo, ikatumia chini ya dola milioni 2 kwa kilomita. Haikuweka kila kitu kilichotajwa kwenye swali la 1, lakini ilianza kubeba watu mapema.

Tahadhari ni moja. Basi huchakaa baada ya miaka 10 hadi 15, behewa la treni hufika 30 au zaidi. Na basi moja huhitaji dereva wake, wakati dereva mmoja wa treni hubeba watu elfu moja. Mishahara ikiwa juu sana na abiria wakiwa wengi mno, reli huanza kupunguza pengo hilo. Hesabu ya siku ya uzinduzi peke yake haitoshi.

6. Nauli itarudisha fedha zilizowekezwa?

Hapana, na si haki kuitarajia ifanye hivyo. Tenga mifuko mitatu: ujenzi wa njia na vituo, ununuzi wa mabasi, na uendeshaji wa kila siku. Wa kwanza ni barabara, na barabara ya magari haiulizwi imerudisha kiasi gani. Nauli inaweza kubeba mfuko wa tatu, na mahali penye abiria wengi hugusa wa pili. TransMilenio ilianza kwa nauli iliyolipia uendeshaji na mabasi, lakini baada ya muda Bogotá nayo ikalazimika kuweka ruzuku.

Johannesburg inafundisha kwa nini. Watu wanaishi mbali na kazi, urithi wa siasa za ubaguzi zilizowasukuma pembezoni. Asubuhi wote wanakwenda upande mmoja, jioni wote wanarudi. Mtu mmoja anakalia kiti kilomita ishirini na zaidi, na basi linarudi karibu tupu kumfuata mwingine. Katika mji ambao watu hupanda na kushuka njiani, kiti kimoja huuzwa mara tatu katika safari moja. Basi ni lilelile, mafuta ni yaleyale, mapato yanatofautiana sana.

Faida kubwa iko nje ya sanduku la nauli. Chukua mfano wa hesabu tu: barabara yenye abiria 150,000 kwa siku, kila mmoja akiokoa dakika 20, imewarudishia wakazi saa 50,000 kila siku. Ni saa za mama anayefika nyumbani watoto hawajalala, na za fundi anayemaliza kazi mbili badala ya moja. Hazionekani kwenye vitabu vya mwendeshaji, lakini ndizo sababu ya kujenga.

7. Mbona abiria waliotabiriwa huwa hawatimii?

Kwa sababu utabiri hufanywa na watu wanaotaka mradi upite. Bent Flyvbjerg na wenzake nchini Denmark walichunguza miradi 258 ya usafirishaji, wakatoa matokeo mwaka 2002: reli ilizidi bajeti kwa wastani wa asilimia 45, barabara asilimia 20. Uchunguzi wao uliofuata ulionyesha abiria wa reli walikuwa karibu nusu tu ya waliotabiriwa. Mwendokasi hauna kinga dhidi ya tabia hiyo.

Kinga inayofaa ni kuwahesabu abiria waliopo leo. Kama mabasi madogo yanabeba watu 8,000 kwa saa kwenye barabara fulani, hao unao. Wale wanaosemekana wataacha magari yao, wahesabu wakishapanda.

8. Mwendeshaji binafsi alipweje ili asiumie yeye wala abiria?

Akilipwa kwa kichwa cha abiria, atasubiri basi lijae na atakwepa safari za saa nne usiku. Akilipwa kwa kilomita, atapita kwa wakati, lakini hatajali kama kuna watu ndani. Miji iliyokaa muda mrefu kwenye kazi hii huelekea kulipa kwa kilomita, ikikata fedha basi likichelewa, likiwa chafu au likikosa kutokea.

Mambo mawili mengine yana uzito uleule. Anayekusanya nauli asiwe yule anayeendesha mabasi, ili fedha zihesabiwe na macho ya watu wawili. Na waendeshaji wawe zaidi ya mmoja. Bogotá iligawa mabasi kwa kampuni kadhaa tangu mwanzo. Mwendeshaji akiwa mmoja na akashindwa, jiji zima linatembea kwa miguu.

## Ujenzi na huduma ya kila siku

9. Ni nini hasa kinacholipatia basi kasi yake?

Wengi hufikiri ni injini. Tazama basi la kawaida kituoni: abiria 40 wanapanda kwa mlango mmoja, kila mmoja akitumia sekunde tatu kulipa na kupokea chenji. Hizo ni dakika mbili. Wakiwa wameshalipa, na basi lina milango minne mipana iliyo sawa na sakafu ya kituo, wote wako ndani kwa sekunde kumi hivi. Rudia hayo vituo ishirini, umeokoa zaidi ya nusu saa bila basi kuongeza mwendo hata kidogo.

Baada ya kituo ni makutano. Kila gari linalokata mbele ya njia ya basi linahitaji zamu yake ya taa, na kila zamu inaongeza kusubiri. Kwa hiyo miji huzuia baadhi ya kona na kuwataka madereva wazunguke mbele. Wenye magari hulalamika. Kona hiyo moja huweza kuchelewesha mamia ya watu kila mzunguko wa taa.

10. Mbona njia ni tupu lakini kituo kimefurika watu?

Hili ndilo lalamiko la kweli kuliko yote, na sababu zake ni tatu.

Kwanza, mabasi ni machache. Dar es Salaam ilianza na mabasi 140 wakati mpango kamili ulihitaji zaidi ya mara mbili ya hayo, na msongamano wa abiria ukawa habari ya kila siku. Barabara ya zege ya kilomita 21 ilikuwa tayari kubeba zaidi ya mabasi yaliyokuwepo. Hata jiji lenye mabasi ya kutosha kwenye karatasi linatakiwa kuweka akiba, angalau moja kwa kila kumi, kwa sababu mengine yatakuwa karakana. Vipuri vikichelewa kuingia nchini, akiba hiyo huisha kimyakimya, na abiria ndiye anayegundua wa kwanza.

Pili, mabasi hufuatana. La mbele likichelewa kidogo, linakuta watu wengi zaidi, linachelewa zaidi, na la nyuma linalifikia likiwa tupu. Unasubiri dakika ishirini, kisha yanakuja matatu. Dawa yake ni chumba cha uongozaji chenye mamlaka ya kulizuia basi kituoni au kulirusha mbele. Skrini zinazoonyesha mabasi bila mtu wa kutoa amri hazisaidii kitu.

Tatu, kituo chenyewe ni kidogo. Basi likisimama sekunde 30 na kuchukua 15 kuondoka, eneo moja la kusimama haliwezi kupokea zaidi ya mabasi 80 kwa saa, na katika hali halisi ni pungufu ya hapo. Pasipo njia ya kupitana, basi la haraka lisilosimama hapo hukwama nyuma ya linalopakia. Nafasi hiyo ya kupitana ikiachwa wakati wa ujenzi ili kupunguza gharama, kuirudisha baadaye ni kubomoa majengo. Kama kuna kitu kimoja ningepigania kwenye michoro, ni hicho.

11. Njia ya basi inaonekana wazi muda mwingi. Kwa nini magari mengine yasiruhusiwe?

Njia inayofanya kazi vizuri lazima ionekane wazi. Basi moja kila dakika, likienda kilomita 30 kwa saa, linaacha nusu kilomita mbele yake. Mtu aliye kwenye foleni anaona lami tupu, haoni watu 9,000 wa swali la 3.

Ukiruhusu magari ya viongozi leo, kesho yatafuata ya wageni, kisha pikipiki, kisha kila mwenye haraka. Magari ya wagonjwa na ya zimamoto yapewe ruhusa bila mjadala. Mengine yote yakatazwe, na kamera ziadhibu bila kuangalia namba za gari ni za nani.

12. Kuna miji ambayo mabasi huacha njia maalumu na kuingia mitaani. Inafaa?

Inafaa sana. Guangzhou inafanya hivyo: mabasi hutoka mitaani, yanaingia kwenye njia maalumu, yanapita penye foleni, kisha yanatoka tena. Abiria habadilishi basi. Njia ya Curitiba na Bogotá ya mwanzo ilitegemea mabasi mlishi kumleta abiria hadi kituo kikuu, na pale anabadilisha. Mlishi akichelewa au akiwa na nauli yake ya pekee, watu wa pembezoni, ambao ndio maskini zaidi, hukata tamaa. Tiketi moja kwa safari nzima ni sharti, hata kama mabasi ni mawili.

13. Mvua na mafuriko je?

Yafikiriwe kabla ya kuchagua kiwanja cha karakana. Dar es Salaam iliweka karakana yake ya awamu ya kwanza katika bonde la Jangwani, linalojaa maji misimu ya mvua kubwa, na huduma imesimama mara kadhaa kwa sababu hiyo. Ardhi ya bondeni hupatikana kwa urahisi kwa kuwa kila mtu anajua kwa nini haijajengwa.

## Watu wanaoguswa

14. Wenye mabasi madogo na madereva wao wataishije?

Swali hili likijibiwa mwisho, mradi huchelewa miaka. Lagos iliuhusisha muungano wa madereva, ambao uliunda ushirika ulioendesha mabasi ya awamu ya kwanza. Johannesburg ilizungumza na wenye teksi, yaani mabasi madogo ya huko, kwa muda mrefu na kwa shida, mwisho wamiliki mamia wakawa wanahisa wa kampuni inayoendesha mabasi. Cape Town iliona upande mwingine: safari za N2 Express, huduma yake ya mabasi ya haraka, zilisimama mwaka 2019 baada ya wabia kutoelewana, zikarudi 2022.

Lakini mwenye gari si dereva, na dereva si kondakta. Hisa humfikia mwenye gari. Kondakta, mpiga debe na mama anayeuza chakula kwenye stendi ya zamani hawana karatasi ya kuonyesha, na ndio wanaoachwa. Bajeti ya mradi iwataje: mafunzo ya udereva wa mabasi makubwa, kazi za vituoni, maeneo ya biashara ndani ya vituo vipya.

15. Kituo kikiwa katikati ya barabara, abiria anavukaje?

Kwa kivuko cha usawa wa ardhi chenye taa, pale barabara inaporuhusu. Daraja la juu huonekana salama kwenye mchoro, lakini mzee, mjamzito na mwenye kiti cha magurudumu hulilipa kwa mwili wao, na kijana mwenye haraka huruka ukingo.

16. Pango litapanda karibu na vituo?

Mara nyingi ndiyo. Curitiba iliruhusu majengo marefu kando ya njia za mabasi ili wakazi wengi waishi karibu nazo, na hilo liliujaza mfumo abiria. Pasipo nyumba za bei nafuu kwenye mpango huo, wapangaji waliokuwa wanahitaji basi zaidi ndio husukumwa mbali nalo.

## Hali za pekee

17. Mji wetu ni wa kati. Tujenge mwendokasi?

Kama saa ya msongamano barabara yenu kubwa haina hata abiria 2,000 kwa upande mmoja, nisingeshauri mfumo kamili. Chora njia ya basi, lipe basi kipaumbele kwenye taa, weka ratiba inayoaminika, tenga ardhi ya baadaye.

18. Si afadhali tusubiri mpaka tuweze kujenga treni?

Ottawa, Kanada, ilifungua njia zake za mabasi mwaka 1983. Abiria walipozidi, sehemu ya njia hizo ikageuzwa kuwa reli nyepesi iliyofunguliwa 2019. Kwa zaidi ya miaka thelathini watu walisafiri vizuri, na ardhi ilikuwa imeshatengwa. Anayesubiri treni bila kutenga ardhi ataikuta imejengwa maduka.

19. Kuna mradi uliowahi kung'olewa?

Delhi. Ilifungua kipande cha kilomita 5.8 mwaka 2008, ikakibomoa mwaka 2016. Malipo yalibaki ndani ya basi, makutano yalichelewesha kila mtu, na kipande chenyewe kilikuwa kifupi mno kubadilisha safari ya mtu. Wenye magari walipaza sauti kwenye vyombo vya habari na hadi mahakamani. Abiria wa basi, ambao walikuwa wengi zaidi, hawakuwa na wa kuwasemea. Jiji likianza, lianze na njia ndefu ya kutosha kupata watetezi.

20. Tununue mabasi ya umeme moja kwa moja?

Dakar imefanya hivyo kwenye njia yake ya kilomita 18.3. Bei ya kununua ni kubwa, ya kuendesha ni ndogo, na wakazi wa kando ya barabara wanapumua vizuri zaidi. Lakini hakikisheni umeme wa karakana, mafundi na betri za kubadilisha vimo kwenye mkataba. Basi la umeme lililokwama foleni halijamsaidia aliye ndani. Njia kwanza, injini baadaye.

21. Jiji langu limetangaza mradi. Niulize nini kwenye kikao?

Uliza abiria wangapi wamehesabiwa leo, na nani amewahesabu. Uliza mabasi mangapi yatakuwepo siku ya kwanza, sio siku ya kukamilika. Uliza kama vituo vina njia ya kupitana, karakana iko kwenye kiwanja gani, na nauli ya mlishi ni sehemu ya tiketi ileile au la.

Kisha uliza swali ambalo mara nyingi hukosa mtu wa kulijibu: nauli isipotosha mwaka wa tatu, fedha za kujazia zitatoka kwenye kifungu gani cha bajeti? Omba namba ya kifungu hicho iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.